Ukimtembelea ndugu Korea, usikae ndani: siku yangu ya kutembea na kula Seoul

Wiki hii msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia. Mdogo wake wa kiume anasoma mambo ya uvuvi Busan, Korea Kusini, amemkatia tiketi, viza imetoka, na sasa badala ya furaha imemwingia hofu. "Dada, shikamoo," ameandika. "Mdogo wangu anashinda darasani tangu asubuhi hadi jioni. Mimi Mwislamu nitakula nini kwenye nchi ile? Na kutwa nzima nitakaa wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Siku hizi hakuna ukoo wa pwani usio na mtu ughaibuni, na kila mmoja wetu anatamani kufika alipo ndugu yake, amwone anavyoishi, ale naye sahani moja. Jibu langu ni fupi: tembea kwa miguu, na ule anachokula mkubwa wa nyumba ile, madhali ni halali. Mengine yote nitakayoandika ni kukueleza hilo nimelijuaje.

Korea haikuwa safari yangu ya kwanza ya kutembelea ndugu. Miaka ya nyuma nilikwenda Muscat kwa jamaa zetu. Walinipokea kwa heshima zote, nikalazwa chumba kizuri, nikaandaliwa vyakula usiku na mchana. Lakini kila nilipotaka kutoka niliambiwa jua kali, ngoja gari. Gari likija, napelekwa kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi, nazungushwa, narudishwa. Niliagana nao bila ya kuujua hata mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao. Ni watu wema na nawaombea dua, lakini mpaka leo linaniuma. Unavuka bahari kwenda kwa damu yako, kisha unakuwa mtu wa kubebwa na kushushwa. Nikaweka nia kwamba nikijaaliwa safari nyingine, siendi kukaa.

Safari ikaja. Mdogo wangu wa mwisho ameolewa Seoul. Shemeji yetu alisoma Kiswahili hukohuko kwao, kwenye Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, akaja Unguja kujitolea, akasilimu, akaoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa wakati wa joto, na Wakorea mtoto akifikisha siku mia humfanyia sherehe, hugawa keki za mchele zilizopikwa kwa mvuke kwa majirani na jamaa. Mdogo wangu alitaka siku hiyo awepo mtu wa kwao. Nikaenda mimi, mwezi wa kumi.

Kabla sijaondoka nilisikia maneno. "Utakula nini kule? Wale wanakula mbwa." Aliyesema ni mtu wangu wa karibu, tena mbele ya watoto, na watu wakacheka. Nataka lijulikane hili. Mbwa kwa Wakorea wa leo anaishi ndani ya nyumba, anavishwa nguo, anasukumwa kwenye kigari, na bunge lao lilipitisha sheria Januari 2024 ya kupiga marufuku biashara ya nyama ya mbwa, marufuku itakayoanza kutekelezwa 2027. Na hata isingekuwapo sheria hiyo, mdogo wangu amezaa na watu hawa. Ukiwadhihaki kwa chakula chao, umemdhihaki mtoto wetu. Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Leo nimesema.

Mama mkwe wa mdogo wangu ana umri unaokaribia miaka sabini. Tangu mjukuu azaliwe nyumba nzima inamwita halmoni, nami nikawa namwita Bibi. Kiswahili anajua "karibu" na "kula", basi. Mimi Kikorea changu ni kusalimu na kushukuru. Asubuhi ya siku ninayotaka kuisimulia alikuja nyumbani kwa mwanawe, karibu na stesheni ya Suyu, amebeba sufuria ya supu ya mwani.

Supu hiyo wanaiita miyeokguk. Mwani mkavu unarowekwa mpaka unafunguka, unakaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta pamoja na nyama ya ng'ombe na kitunguu thomu, kisha unatiwa maji na kuchemshwa taratibu. Mzazi hupewa supu hii kila siku kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kila Mkorea huinywa siku yake ya kuzaliwa. Nyama aliyoitia Bibi ni ya halali. Huifuata mwenyewe mpaka Itaewon, zaidi ya nusu saa kwa treni, na mdogo wangu alipoolewa, Bibi alinunua sufuria mpya na kuziweka mbali na zake za zamani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliuliza tu dini inataka nini, akafanya.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi ni mtoto wa Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia majini na vigingi na kamba. Amelima mpaka mgongo ukamgomea. Ameukausha mwani juani, ameujaza magunia, ameuza kwa kilo kwa bei aliyopangiwa na wengine. Sikumwona hata siku moja akiula. Kwetu mwani ni wa kupakiwa meli, unakwenda viwandani kutolewa ute wa kukazia dawa za meno na vyakula vya makopo. Na pale mezani Seoul nimewekewa bakuli limejaa. Ni mwani wa aina nyingine, wa kijani iliyoiva, mpana na laini, unateleza kooni na kuacha ladha ya bahari na ufuta. Pembeni kulikuwa na wali, kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na dagaa wakavu waliokaangwa na sukari kidogo mpaka wakawa wanavunjika mdomoni. Dagaa! Nimesafiri nusu ya dunia nikakuta mwani na dagaa. Nilimaliza bakuli, nikaomba la pili.

Bibi aliponiona nakula namna ile, akakaa chini. Nikamwonesha kwa mikono: nimeinama, maji yamefika magotini, nafunga kichipukizi kimoja kimoja kwenye kamba. Akanitazama kwa muda, halafu akapiga paja lake, akaanza kuonesha vilevile. Ndipo mdogo wangu akatafsiri. Bibi amezaliwa Wando, visiwa vya kusini mwa Korea, ambako mwani hulimwa kwenye kamba zinazoelea baharini. Ujana wake ameumaliza kwenye baridi ya maji yale. Tukaoneshana vidole. Mdogo wangu alikuwa na mama mkwe huyu miaka yote hiyo bila ya kuijua habari hiyo, kwa sababu hapakuwahi kutokea mtu wa kumchokoza kwayo.

Alitupiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Yaliyorudi ni vicheko. "Kapanda ndege kwenda kula mwani." "Angekula hapahapa Jambiani, bure." Sikujibu, na bado sijajibu. Lakini kwa kuwa wanasoma ninayoyaandika, nawaambia: jasho la mama zetu tangu 1989 si kitu cha kuchekwa kwa kuwa limeingia bakulini. Kuna nchi yenye viwanda vya magari na meli ambayo mtu akizaa anapewa mwani kwanza, na anayeuleta anauleta kwa heshima. Sisi tunaolima tunaona haya kuuonja. Tujiulize kwa nini.

Shemeji akasema atatupeleka mjini kwa gari. Nikamkatalia kwa upole. Bibi akaelewa kabla ya kutafsiriwa, akaenda kuvaa kofia yake ya ukingo mpana na viatu vya mlimani, akafunga mkoba mgongoni. Wazee wa Seoul wanatembea, mdogo wangu. Utawakuta milimani asubuhi na mapema, wanaume kwa wanawake, wenye miaka sabini na themanini, fimbo mkononi, wanakupita. Kwenye bustani za umma zimewekwa mashine za mazoezi, na wazee ndio wanaozitumia. Ukifika kule na miguu mizima ukaomba gari, utakuwa umejinyima mwenyewe.

Ndani ya ule mkoba mlikuwa na gimbap, chakula cha safari cha Wakorea: wali uliochanganywa na mafuta ya ufuta, ukatandazwa juu ya karatasi ya mwani mkavu, ndani yai, karoti, mchicha na figili ya kachumbari, kisha ukaviringishwa na kukatwa vipande vya mdomo mmoja. Zinazouzwa madukani mara nyingi zina nyama ya nguruwe iliyosindikwa, kwa hiyo uliza kabla. Bibi alitengeneza zetu mwenyewe. Mlikuwa na machenza pia, na chupa ya maji ya moto.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, kutoka Suyu mpaka Hyehwa. Bibi hakulipa, kwa sababu mwenye miaka 65 na zaidi hupanda bure. Mimi nilitumia kadi ya T-money, ambayo unainunua kwenye yale maduka madogo yanayofunguliwa saa 24 na kuijaza kwa fedha taslimu. Nauli ya treni inaanzia won 1,550. Gusisha kadi unapoingia na unapotoka, hata kwenye basi, kwa sababu ukipanda chombo kingine ndani ya nusu saa hutozwi nauli mpya kamili. Ndani ya treni ongea kwa sauti ya chini. Viti vya pembeni ni vya wazee na viti vya waridi ni vya wajawazito, hata vikiwa vitupu usikae.

Kutoka Hyehwa tukapanda kilima cha Naksan. Hapo unakutana na ukuta wa mji wa kale. Ulianza kujengwa 1396, baada ya mfalme Taejo kuhamishia makao yake hapo, na una urefu wa kilomita 18.6 ukizunguka juu ya vilima. Kipande cha Naksan ni kama kilomita mbili, na nakishauri kwa kila mgeni kwa kuwa mteremko wake ni wa huruma. Shemeji alikuwa amenielekeza jana yake namna ya kuusoma: mawe yasiyochongwa vizuri ni ya mwanzo kabisa, yaliyochongwa yakasawazishwa ni ya wakati wa mfalme Sejong, miaka ya 1420, na yale makubwa ya mraba ni ya miaka ya 1700 kuja huku. Unatembea huku mkono unagusa karne mbalimbali. Ukishuka karibu na lango la mashariki, Heunginjimun, utaona mawe yenye maandishi. Ni majina ya waliosimamia kila kipande na sehemu walizotoka, ili ukuta ukibomoka wajulikane waitwe warudi wautengeneze. Nilisimama pale muda mrefu. Kwetu majengo yanaporomoka na hakuna anayejulikana kuyajenga.

Adhuhuri iliniingilia huko juu. Vyoo vya bustani za Korea ni vya bure na ni visafi, nikatia udhu, nikatandika mkeka wangu mdogo nyuma ya miti. Bibi alinishikia mkoba, akasimama upande wa njia ili watu wasinipite mbele. Nilipomaliza akanimenyea chenza. Tukala gimbap zetu hapohapo, mji wote uko chini yetu, mnara wa Namsan upande mmoja na milima ya Bukhansan upande wa pili.

Chini ya ukuta kuna mtaa wa Ihwa, wenye vichochoro na ngazi. Mtaa huu ulichorwa picha kutani ukawa maarufu, watalii wakafurika, na kelele zikawashinda wenyeji. Mwaka 2016 baadhi yao walizifuta kwa rangi picha za kwenye ngazi mbili zilizokuwa zikipendwa kuliko zote, ile ya samaki na ile ya maua. Bibi aliponiona nanyanyua simu alinigusa mkono, akaelekeza kidole kwenye dirisha lililo wazi, akaweka kidole mdomoni. Nikaishusha.

Hilo linanigusa mahali. Mama yangu amepigwa picha na wageni akiwa ndani ya maji, kanga imelowa, mgongo umepinda, na hakuna aliyemuuliza jina lake. Picha hizo ziko kwenye vipeperushi vya hoteli hadi leo. Kwa hiyo wewe unayetoka pwani, unayejua uchungu wa kufanywa mandhari, usiende kuwafanyia wenzako hivyohivyo. Salimia. Pita kimya. Kitu kizuri kwako ni mlango wa mtu.

Njia ya kutoka Heunginjimun mpaka soko la Gwangjang ilinuka vibaya, nakuambia mapema usije ukadhani ni mfereji umepasuka. Ni miti ya ginko. Majani yake yanageuka manjano yanayong'aa wakati wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, lakini matunda yake yakianguka na kukanyagwa yanatoa harufu kali. Ruka, usikanyage.

Gwangjang ni soko lililoanza 1905. Juu wanauza hariri na matandiko, chini ni chakula, na chakula ndicho kilichotupeleka. Njia ya katikati imejaa meza ndefu za wanawake wapishi, mabenchi yake yamepitishwa umeme yanapata joto, ukikaa hutaki kusimama. Pale ndipo nilipokutana na bindaetteok. Choroko zinarowekwa, zinasagwa kwenye mawe mawili ya mviringo yanayozunguka mbele ya macho yako, zinachanganywa na machipukizi ya choroko na vitunguu, kisha unga huo unamwagwa kwenye mafuta mengi mpaka unakauka pembeni na kubaki laini katikati. Ladha yake ni ya bajia za kwetu za kunde, isipokuwa imetandazwa ukubwa wa sahani, na unachovya kwenye siki, sosi ya soya na vitunguu. Nilikula kubwa nzima peke yangu.

Lakini kabla ya kula, Bibi aliuliza. Wapishi wengi hutia nyama ya nguruwe ya kusaga, wengine hawatii. Mpishi wa kwanza alisema anatia, tukashukuru tukaondoka. Wa pili alikuwa na zote mbili. Wa tatu hakutia kabisa na mafuta yake ni ya mimea, tukakaa. Hakuna aliyeudhika. Mdogo wangu alikuwa ameniandikia karatasi kwa Kikorea kwamba sili nguruwe wala situmii kilevi, na nakuomba umwambie mdogo wako akuandikie kama hiyo kabla hujafungua sanduku. Kisha tukanywa uji wa boga, mzito, wa manjano, una vidonge laini vya mchele ndani yake. Mtu anayesema Korea hakuna chakula cha Mwislamu hajawahi kuuliza. Kuna choroko, boga, samaki, mayai, soya, viazi, mboga za kila namna, na mwani.

Adabu ya mezani ni rahisi kwa mtu aliyelelewa vizuri pwani. Mkubwa akishika kijiko ndipo na wewe ushike. Unapopokea kitu kutoka kwa mkubwa, pokea kwa mikono miwili. Bakuli la wali linabaki mezani, na usisimamishe vijiti vya kulia ndani ya wali, hiyo ni sura ya matanga. Vile visahani vidogo vya kimchi na mboga havilipiwi, na vikiisha unaweza kuomba tena. Bahashishi hawana. Na malipo kwa kawaida hufanywa kwenye kaunta wakati wa kutoka, kwa hiyo ukitaka kumlipia mwenyeji wako inuka mapema, vinginevyo mkubwa atalipa na hutamweza. Mimi nilishindwa Gwangjang, nikajipanga kwa jioni.

Tukashuka kwenye mto Cheonggyecheon. Ilikuwa barabara ya magari ya juu, wakaanza kuibomoa 2003, na kufikia 2005 maji yanapita tena katikati ya mji kwa karibu kilomita sita, yakisaidiwa na pampu kutoka mto Han. Kuna samaki, kuna korongo wanaosimama bila ya kuogopa watu, kuna mawe ya kuvukia. Tulitembea kuelekea magharibi mpaka mwisho wake. Njiani Bibi alinunua kiazi kitamu cha kuchoma, akakipasua, akanipa kipande kikubwa.

Kutoka hapo ni hatua chache mpaka uwanja wa Gwanghwamun, ilipo sanamu ya mfalme Sejong. Huyu ndiye aliyetangaza mwaka 1446 herufi wanazotumia Wakorea, na nazungumzia herufi hizo kwa sababu nilijifunza kuzisoma kabla ya kusafiri. Ni 24 za msingi. Nilikaa nazo jioni baada ya kazi, na zilinifaa kuliko kitu chochote nilichonunua. Sielewi lugha, lakini naweza kusoma ubao wa mkahawa nikaliona neno dwaeji, nguruwe, nikapita. Naweza kusoma jina la stesheni. Mtu mzima asiyeweza kusoma anashikwa mkono kila mahali, na mimi nilishaapa kuwa sitashikwa mkono tena. Jifunze. Usiniambie huna muda, una simu inayokula saa zako zote.

Kutoka Gwanghwamun tulichukua njia namba 5, tukabadilisha Cheonggu kuingia namba 6, mpaka Itaewon. Msikiti Mkuu wa Seoul uko juu ya kilima, umefunguliwa 1976 kwenye ardhi iliyotolewa na serikali yao. Mwinuko ule baada ya kutwa ya kutembea unauma, lakini nilipoona minara miwili na maandishi ya Allahu Akbar juu ya mlango sikuhisi kitu. Nikaiwahi Alasiri, nikangoja Magharibi. Bibi amepita chini ya kilima kile mara nyingi kununua nyama, ila uani mwa msikiti hakuwahi kupanda. Alikaa kwenye ngazi. Nilipotoka nilimkuta anazungumza na wanawake wa Kiindonesia kwa ishara, amewamalizia machenza yote.

Chakula cha jioni tulikula mtaa uleule wa msikiti, kuku wa pilipili anayekaangwa mezani na kabichi na keki za mchele, nyama halali, mpishi Mkorea. Niliinuka mapema nikalipa. Bibi alinifokea kweli, kwa Kikorea, mpaka mwenye duka akatabasamu. Nilifurahi kufokewa. Mgeni hafokewi.

Sasa ndugu zangu, nasema na nyote mnaojiandaa kwenda kwa jamaa. Acheni tabia ya kusafiri na masanduku ya unga na kujifungia jikoni kwa mwenyeji mkipika ugali kila siku kana kwamba hamjaondoka. Peleka iliki, peleka karafuu, wapikie pilau siku moja wafurahi, lakini siku nyingine kaa wakulishe. Dini haikuzuii kuuliza, inakutaka uulize. Acheni kusubiri kupelekwa. Ndugu yako ana kazi, ana mtoto, ana masomo, kukaa kwako sebuleni unamtazama mlango ni kumtia deni asilolikopa. Na wewe uliye mwenyeji, usimfungie mgeni wako kwa jina la kumheshimu. Mpe kadi ya treni, mpe mzee wa nyumba atembee naye, waache wasielewane mpaka waelewane. Vaa viatu vya raba vilivyokwisha kuzoea mguu. Chukua koti hata kama mchana kuna jua, jioni ya mwezi wa kumi inauma. Ramani wanayoitumia wenyeji ni Naver Map, iweke kwenye simu kabla ya kuondoka.

Kwako wewe wa Tanga: Busan nimefika pia, na kwa mtoto wa bahari ni rahisi kuliko Seoul. Mdogo wako akienda darasani, wewe panda treni ya huko, njia namba 1, ushuke Jagalchi. Ni soko la samaki, chini unachagua aliye hai kwenye maji, juu unapikiwa. Wauzaji wengi ni wanawake watu wazima wenye buti za mpira, wasalimie kwanza ndipo uulize bei. Ukimaliza, njia hiyohiyo namba 1 kuelekea kaskazini ina stesheni ya Dusil, na karibu yake ndipo ulipo msikiti wa Al-Fatah, uliofunguliwa 1980. Ijumaa utakuta wanafunzi na wafanyakazi kutoka nchi nyingi, na kuna maduka ya nyama halali jirani, unaweza kurudi na kilo moja ukampikia mdogo wako usiku. Ukifika niandikie umekula nini.